Sura ya Nne: Kujua Kabla ya Kufikwa

Katika umri wote wa binadamu hapana muda uliozungukwa na maneno mengi ya kukataza, na machache ya kueleza, kama ule unaoanza pale sauti ya mvulana inapokwaruza na msichana anapovunja ungo, ukaishia pale jamaa wanapokubali kwa kauli moja kwamba huyu sasa ni mtu mzima mwenye shauri lake. Shirika la Afya Duniani huuhesabu muda huo kuwa kati ya miaka 10 na 19. Wazee wa pwani hawakuuhesabu kwa miaka. Waliuhesabu kwa dalili za mwili na kwa sherehe, na aghalabu ulikuwa mfupi, maana binti akishavunja ungo alipewa somo, akafundwa, na haukupita muda mrefu ila posa ilikwisha ingia mlangoni. Leo binti huyo huyo yuko darasani na daftari la hisabati, na akijaaliwa kufaulu atakuwa bado mwanafunzi atakapopindukia miaka ishirini. Muda uliokuwa wa miezi umekuwa wa miaka kumi, na katika miaka hiyo kumi mwili haukungoja ratiba ya Wizara ya Elimu.

Sura hii inahusu jambo moja tu katika miaka hiyo: nani humweleza kijana jinsi mimba inavyotungwa na jinsi inavyozuiliwa, na akishaelezwa, au asipoelezwa, huenda wapi kutafuta msaada. Rai yangu ni kwamba kinachomnyima kijana wa Afrika Mashariki elimu na huduma ya uzazi wa mpango si uchache wa dawa peke yake, wala si ukali wa miongozo ya serikali, ambayo kwa maandishi ni mipole kuliko wengi wanavyodhani, bali ni kukosa faragha na kukosa mtu mzima wa kumwamini. Mambo hayo mawili hayanunuliwi kwa fedha ya wafadhili, na ndiyo sababu yamesahauliwa.

Husemwa mara nyingi, na husemwa hasa na watu wanaotaka kunyamaza, kwamba wazee wetu hawakuyataja mambo haya mbele ya vijana. Kauli hiyo haina ukweli. Katika miji ya pwani binti alikabidhiwa somo, yaani kungwi wake, naye somo hakuwa mama yake mzazi, kwa sababu wazee walifahamu kwamba mama na bintiye wana haya baina yao isiyofaa kuvunjwa, na kwamba maneno mazito huhitaji ulimi wa mtu wa pembeni, mwenye mapenzi ya jamaa bila ya mamlaka ya mzazi. Kungwi alimfundisha mwari kujitunza siku za hedhi, usafi wa mwili, mwenendo wa chumbani, dalili za mimba na miiko ya uzazi. Alimfundisha kwa ngoma, kwa nyimbo na kwa viungo vya mwili wake mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa na wanaume wakiwa mbali. Marehemu Fatuma binti Baraka, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Bi Kidude na ambaye alifariki Unguja tarehe 17 Aprili 2013, alisifika mbali kwa taarabu, lakini kwa wanawake wengi wa kisiwani alikuwa pia mwalimu wa unyago. Na chuoni nako, mtoto wa kiume na wa kike walioketi mkekani kusoma fiqhi walisomeshwa hukumu za hedhi, nifasi na janaba kwa majina yake, wala hapana mwalimu aliyedhani kwamba kwa kuyataja hayo anawapoteza. Kwani vipi mtu atajitwaharisha kwa jambo asilolijua? Bibi Aisha, katika hadithi inayojulikana sana, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao.

Sitaki kuipamba desturi kuliko ilivyostahili. Unyago ulimwandaa mwanamke kwa ajili ya ndoa, na ndani ya ndoa kwa ajili ya kumridhisha mume. Juu ya kuzuia mimba ulisema kidogo, na sehemu ya hicho kidogo ilikuwa dawa za kufunga kiunoni zisizozuia kitu. Pahala pengine watoto wamechezwa wakiwa wadogo mno, wakatoka ndani wakidhani wamekwisha pewa ruhusa. Walakini ulikuwa na nguzo tatu ambazo hatukuzirithi: mfundishaji aliyejulikana, siri iliyotunzwa, na wakati uliowekwa kabla ya haja. Kilichobaki mijini ni kicheni pati, ambapo bibi harusi wa miaka ishirini na saba, aliyemaliza chuo kikuu, huketishwa katika ukumbi wa kukodi, huzawadiwa khanga na sufuria, kisha husomewa kwa kipaza sauti mambo ambayo alikuwa na haja ya kuyajua alipokuwa na miaka kumi na tano.

Tazama sasa hesabu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa umri wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha zaa au walikuwa na mimba. Katika mkoa wa Katavi walikuwa 45. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliikuta hesabu ya taifa imeshuka hadi 22. Kenya, katika umri huo huo, walikuwa 18 kwa mia mwaka 2014 na 15 kwa mia mwaka 2022, lakini katika kaunti ya Samburu nusu nzima ya wasichana walikuwa wamekwisha pata mimba. Katika hesabu hizi wamo wanafunzi waliodanganywa, wamo waliotendwa nguvu na watu wa nyumbani mwao, na wamo, hili husahauliwa, wake halali wa watu, walioozwa mapema, ambao nao ni vijana, nao wana haki ya kupumzisha miili yao, na ambao wakifika zahanati kuomba njia huambiwa wakazae kwanza.

Mwili wa msichana ambaye nyonga zake hazijakamilika hulipa gharama ambayo mwili wa dada yake wa miaka ishirini na tano haulipi. Kifafa cha mimba humwandama zaidi. Uchungu hukwama, kichwa cha mtoto kikabana nyama laini kwa saa nyingi, pengine siku mbili, mahali ambapo gari halifiki, na nyama hizo zikifa hufunguka tundu ambalo mkojo hupita bila ya kuzuilika. Hiyo ndiyo fistula. Katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam, na Bugando kule Mwanza, wanawake hushonwa na wengi hupona, lakini hupona baada ya miaka ya kukaa peke yao, kwa kuwa harufu imewafukuza waume na majirani. Nchi nyingi maskini na za kipato cha kati zina sababu moja inayofanana miongoni mwa zinazowaua zaidi wasichana wa miaka 15 hadi 19, nayo ni matatizo ya mimba na ya kuzaa, yakiwamo ya utoaji mimba wa kificho kwa vyombo na majimaji ambayo sitayataja hapa. Msomaji anayedhani kwamba jambo hili ni la adabu tu, asilisahau fungu hili.

Ili tufahamu kwa nini mlango wa kliniki ni mzito kwa kijana, yatupasa tujue uliwekwa kwa ajili ya nani. Huduma hii ilianza Dar es Salaam mwaka 1959 kwa chama kilichokuja kuitwa UMATI, Chama cha Uzazi na Malezi Bora Tanzania. Kenya iliifanya kuwa sera ya serikali mwaka 1967, ikiwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa Kusini mwa Sahara kufanya hivyo. Jina lenyewe la chama laonyesha makusudio: uzazi, na malezi, yaani mambo ya mama mwenye watoto ambaye anataka kuwapa nafasi baina ya mmoja na mwingine. Hoja hiyo ilikuwa hekima katika zama zake, kwani ndiyo iliyowatuliza masheikh, maaskofu na waume. Lakini ilijenga kliniki yenye sura ya mama: vipimo vya watoto, mizani ya kuning'inia, mabenchi ya akina mama wanaonyonyesha, picha ukutani ya baba, mama na watoto wawili nadhifu. Nyota ya Kijani ilipochorwa kwenye kuta za vituo katika miaka ya 1990 kuwaashiria watu kwamba hapa pana huduma, kijana aliiona, akajua maana yake, akajua pia kwamba haikuchorwa kwa ajili yake.

Sijui jambo lililowasaidia vijana wa Tanzania kusikia zaidi ya redio. Mwezi Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, ambamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye nyumba ndogo kila kituo, alimtesa mkewe Tunu mpaka Tunu akajifunza kusimama kwa miguu yake. Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo mpaka mwaka 1995, ili wataalamu wapate kulinganisha, na waliona kwamba pale uliposikika matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko pale usiposikika. Naamini siri ya nguvu yake ilikuwa adabu: baba, mama, binti na shangazi walisikiliza pamoja jioni, na neno lililosemwa na Mkwaju halikuwa limesemwa na mtu yeyote wa nyumba, kwa hiyo hapana aliyeona haya, na kesho yake binti aliweza kumwuliza shangazi juu ya Tunu ilhali anajiuliza juu ya nafsi yake. Baadaye, tangu mwaka 1999, jarida la Femina lilifanya kazi hiyo kwa maandishi, likaingia katika shule za sekondari na kupokea barua za wanafunzi. Pana mambo mengi ya kusifu katika zama zetu, na haya mawili ni miongoni mwayo.

Kwa upande wa maandishi ya serikali, mlango ulifunguliwa zamani kuliko watu wanavyodhani. Katika mwaka 1994, mwaka ule ule mataifa 179 yalipokutana Cairo na kukubali kwamba vijana nao wana haki ya kujua na kuhudumiwa, mwongozo wa taifa wa Tanzania juu ya huduma za uzazi wa mpango ulitamka kwamba wanaume na wanawake wote walio katika umri wa kuzaa, pamoja na vijana, wana haki ya kupewa elimu na huduma, bila ya kujali wamezaa watoto wangapi wala kwamba wameoa au kuolewa. Maneno hayo ni bayana. Ukimwuliza muuguzi wa zahanati ya kijijini leo, huenda hajapata kuyaona.

Wala si haki kumlaumu peke yake, maadhali sheria zenyewe zimemvuta huku na huku. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikafanya tendo na msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa ubakaji hata akiridhia, isipokuwa awe mke wa mtu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya ndoa za utotoni, akashinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha ushindi huo mwaka 2019. Muuguzi aliyesimama mbele ya msichana wa miaka 16 asiye na mume huwaza basi kwamba akimpa kidonge amekuwa shahidi wa jinai, na akimnyima amekuwa sababu ya mimba. Na kwa kuwa kunyima hakuandikwi daftarini, hunyima. Fauka ya hayo, viongozi nao wametoa kauli zilizomtisha. Mwaka 2017 ilitamkwa hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa asirudi shuleni. Mwaka 2018 matangazo ya uzazi wa mpango yalisimamishwa katika redio na televisheni. Na ilikuwa Novemba 2021 ndipo Wizara ya Elimu ilipotangaza kwamba wanafunzi waliozaa waruhusiwe kurudi. Zanzibar ilikuwa imekwisha waruhusu tangu mwaka 2010, na Kenya tangu mwaka 1994, wala shule za huko hazikubomoka.

Sasa twende kwenye benchi, kwa sababu hapo ndipo mambo yote huamuliwa. Kliniki hufunguliwa asubuhi, saa ambayo mwanafunzi yuko darasani. Akitaka kwenda itampasa atoroke, na akitoroka ataulizwa. Akifika huwakuta akina mama kumi na wawili wameketi kwa foleni, na katika hao kumi na wawili, kwa mji wetu ulivyo, hawakosi wawili wanaomjua mama yake: mmoja wa kikoba kimoja, mmoja wa msikiti mmoja au kanisa moja. Hujibanza mwishoni mwa benchi, mtandio umefunika nusu ya uso, sare ya shule imefungiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Dirishani huulizwa kwa sauti ambayo wote husikia.

"Shikamoo nesi."

"Marahaba. Umekuja na nani? Mtoto yuko wapi?"

"Sina mtoto."

"Umeolewa?"

Akijibu hapana, benchi zima hugeuka. Akijibu ndiyo, amesema uongo mbele ya mtu aliyehudhuria harusi zote za mtaa. Aghalabu hasemi lolote. Hudai kwamba kichwa kinamuuma, hupewa panadoli, huondoka. Daftari la kituo jioni hiyo litaonyesha mgonjwa mmoja wa kichwa, na mwisho wa mwaka wakubwa watakaposoma hesabu watasema kwamba vijana hawana hamu ya huduma.

Na yule anayebahatika kufika chumbani hukutana na kikwazo cha pili, ambacho ni imani potofu iliyovaa koti jeupe. Huambiwa kwamba sindano itamtia ugumba, kwamba vijiti ni vya waliokwisha zaa, kwamba kitanzi hakimfai mwali. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba umri peke yake si sababu ya kitabibu ya kumnyima kijana njia yoyote. Vijiti vinavyotiwa chini ya ngozi ya mkono hukaa miaka mitatu au mitano kwa kadiri ya aina yake, na siku vinapotolewa uwezo wa kuzaa hurudi bila ya kukawia. Vidonge vya majira vikiachwa, kazi yake huisha. Sindano ya miezi mitatu ndiyo pekee inayoweza kuchelewesha, na pengine hupita miezi tisa au kumi tangu sindano ya mwisho kabla mwanamke hajashika mimba, nayo kwa walio chini ya miaka 18 hutakiwa ipimwe faida yake na athari yake kwa mifupa. Lakini kuchelewa si ugumba, na muuguzi anayeyachanganya mambo haya mawili amefanya kosa kubwa. Kondomu, inayodharauliwa kuliko zote, ndiyo pekee inayokinga mimba na maradhi kwa pamoja, virusi vya Ukimwi vikiwamo, na kwa sababu hiyo kijana hufaa aijue hata kama ana njia nyingine.

Aliyefukuzwa na benchi huenda dukani. Duka la dawa muhimu halina foleni, lina kaunta na mlango wa barabarani, na muuzaji wake haulizi jina. Msichana humtuma rafiki, au mvulana huja mwenyewe, mkono mfukoni, akangoja mpaka mteja mwingine atoke, kisha akasema kwa haraka: "Nipe P2." Muuzaji hukipinda kipakiti ndani ya karatasi ya gazeti, hupokea fedha, na mambo yamekwisha kwa dakika moja. Hapana maneno mengine. Hakuambiwa kwamba vidonge hivyo vya dharura hufaa zaidi vikimezwa mapema, ndani ya siku tatu, na kwamba nguvu yake hupungua kila saa inayopita. Hakuambiwa kwamba huzuia yai lisipevuke na kutoka, kwa hiyo yai likiwa limekwisha toka havina la kufanya, na mimba ikiwa imekwisha tungwa havitoi. Hakuambiwa kwamba havikingi maradhi, wala kwamba anayevimeza kila juma kwa kweli anahitaji njia ya kawaida na si ya dharura. Mwenye duka simlaumu sana. Alimpa kijana kile ambacho zahanati yenye wataalamu ilishindwa kumpa, nacho ni faragha. Lau faragha hiyo ingeongezewa maneno ya dakika tatu, lingekuwa duka bora kuliko zahanati.

Wazazi wengi, na ni watu wema, husema: ukimfundisha mtoto haya umemwonyesha njia ya zinaa. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu hutoka katika mapenzi. Nami nakiri pamoja nao kwamba kijana anayejizuia mpaka ndoa amechagua lililo bora kwa dini yake na kwa siha yake, na kwamba mafundisho yoyote yasiyomwambia hivyo yana upungufu. Lakini UNESCO imekusanya tafiti kutoka nchi nyingi, na matokeo yake ni kwamba elimu ya uzazi haiwaharakishi vijana kuanza tendo. Pahala pengine huwachelewesha. Mtoto wa leo haachwi bila ya mwalimu. Asipofundishwa na shangazi hufundishwa na simu, na simu haina adabu wala haina mpaka. Na mtoto aliyefundishwa majina ya viungo vyake na kuambiwa kwamba hapana mtu, awe mjomba, awe ustadhi, awe mwalimu, mwenye ruhusa ya kuvigusa, ana ulimi wa kushitaki. Asiyefundishwa hana hata neno la kumwambia mama. Wangapi wameharibiwa kwa sababu hawakujua kulitaja walilotendwa?

Ama suala la dini, Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya juu ya azli, yaani kumwaga mbegu nje ili kuzuia mimba, akaona kwamba inajuzu, na miongoni mwa nia alizozikubali alitaja mke kuhofiwa hatari ya kuzaa na mume kuogopa uzito wa watoto wengi. Hukumu hiyo ni ya wanandoa, wala sitaivuta mahali ambapo mwenyewe hakuipeleka. Lakini mke wa miaka kumi na sita ni mwanandoa, na anayemfukuza katika zahanati hana hoja ya dini mkononi. Kanisa Katoliki, kwa waraka wa mwaka 1968, limekataza njia za kitabibu na kuruhusu kuhesabu siku. Basi hata hospitali za misheni zina la kumfundisha kijana, kwa kuwa hesabu ya siku haiwezekani bila ya kuujua mwili.

Neno moja juu ya wavulana, nao wamesahauliwa kabisa. Mvulana hupewa jando la siku chache, au hapewi, kisha hutupwa katika kijiwe ambako umahiri huhesabiwa kwa idadi ya wasichana. Nimekutana na vijana wa bodaboda waliokuwa wakisema bila ya kificho kwamba msichana wa shule hupatikana kwa sahani ya chipsi na lifti ya kilomita tano, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa amepata kuelezwa na mwanamume mzima kwamba mimba ni jambo la watu wawili, wala kwamba kwa sheria ya Tanzania kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Baba anayemfunga binti ndani saa kumi na mbili jioni na kumwachia mwanawe wa kiume kurudi saa tano ya usiku amefanya nusu ya kazi, na nusu aliyoiacha ndiyo inayoharibu binti wa jirani.

Kwa hiyo nawaomba mambo machache wale ambao mambo haya yako mikononi mwao. Wewe mzazi, mtafutie mwanao somo kabla hajatimiza miaka kumi: shangazi, mjomba, bibi, mtu yeyote mwenye akili na mdomo wa siri, mpe idhini ya kusema yote, kisha usimhoji mtoto walichoongea. Wewe mwalimu wa bayolojia, usiiruke sura ya uzazi kwa kuwaambia wanafunzi wakajisomee nyumbani, kwani nyumbani hakuna anayeisoma. Wewe mwenye kusimamia kituo, weka alasiri mbili kwa juma ambazo akina mama hawaji, weka mlango wa pembeni, na toa swali la ndoa dirishani. Nawe muuguzi, akija binti na mtandio usoni, mwitikie salamu yake, mwingize chumbani kabla hujamwuliza lolote, mwambie kwamba yatakayosemwa hapo hayatatoka, mwulize kama yupo anayemlazimisha, mweleze njia zote na ile ya kujizuia ikiwamo, mpe atakayoichagua, kisha mwambie siku ya kurudi.